Nani anamfundisha anayekujazia fomu ya benefiti?

Tangazo likishatua kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Uingereza, kwamba Jumamosi kuna mafunzo ya benefiti katika ukumbi fulani, ubishi huanza papo hapo. Mmoja ataandika kwamba mkufunzi ni mtu wa serikali, watu wasiende kumwaga siri zao. Mwingine atajibu kwamba kama si wakili hana la kutufundisha. Wa tatu atatuma picha ya cheti alichopewa mwaka juzi baada ya mafunzo ya siku moja, na kujiita mshauri aliyesajiliwa. Nimekuwa nikiwakalimania wazee wetu katika ofisi za ushauri kwa muda sasa, na mafunzo ya namna hii nimeyahudhuria mengi. Wote watatu wamekosea. Na makosa yao yanaumiza, kwa sababu mwenye kuyalipia ni yule mama anayepokea barua ya kunyimwa posho aliyostahili.

Tuanze na maneno yenyewe. Benefiti ni fedha ambazo dola la Uingereza humlipa mtu kwa mujibu wa sheria. Universal Credit ni ya wenye kipato kidogo, wawe na kazi au hawana. PIP ni ya mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu ambaye hajafika umri wa pensheni wakati anaomba. Attendance Allowance ni ya mzee aliyevuka umri huo na anahitaji mtu wa kumwangalia. Pension Credit humwongezea mzee mwenye kipato kidogo. Kwetu neno "mafao" likitajwa, akili hukimbilia NSSF, yaani zile hela ulizokatwa kwenye mshahara ukiwa kazini. Hapa mambo ni mapana zaidi. Benefiti nyingine hutegemea michango yako, nyingine hutazama kipato chako, na nyingine, kama PIP, haziulizi kabisa una kiasi gani benki. Zinauliza mwili na akili yako vinakuruhusu kufanya nini.

Neno la pili ni "haki". Watu wa kazi hii hawasemi msaada, wanasema haki za mafao. Ofisa hatoi kwa huruma yake wala hanyimi kwa kutopendezwa na sura yako. Vigezo vimeandikwa. Ukivitimiza ni vyako, na ukinyimwa unaweza kukata rufaa mbele ya baraza huru la rufaa (tribunal). Mshauri wa haki za mafao ndiye anayekaa nawe kuangalia unastahili nini, anayejaza fomu, anayeandika barua ya kupinga uamuzi, na mara nyingine anayefuatana nawe hadi barazani. Mkufunzi ndiye anayemfundisha mshauri huyo. Wanafunzi wake ni watu wa kujitolea, wauguzi, wafanyakazi wa ofisi za nyumba, watu wa msikitini na kanisani. Mshauri mmoja akikosea ameumia mtu mmoja, lakini mkufunzi akifundisha kosa mbele ya watu ishirini, kosa hilo litatembea mitaa ishirini.

Nitoe tahadhari kwa waliotoka Tanzania. Huyu si ofisa ustawi wa jamii unayemfahamu, yule wa halmashauri anayeshughulikia matunzo ya watoto na migogoro ya ndoa. Wanaofanana na mshauri wa mafao ni wasaidizi wa kisheria, wale wasio mawakili wanaowasaidia wananchi vijijini kudai haki zao. Hata hivyo kuna tofauti kubwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, na wasaidizi hao wakatambuliwa na kuwekewa utaratibu wa usajili. Uingereza, kwenye benefiti, haina sheria kama hiyo.

Watu wengi hawaamini nikiwaambia hivyo, kwa hiyo nieleze vizuri. Anayetoa ushauri wa uhamiaji bila idhini anatenda kosa la jinai, kwa sheria ya mwaka 1999, na kuna mamlaka maalumu inayosimamia washauri hao. Anayetoa ushauri wa madeni lazima shirika lake liwe na kibali cha mdhibiti wa huduma za fedha. Lakini benefiti? Mtu yeyote anaweza kuamka leo akajiita mshauri wa benefiti, na kesho akajiita mkufunzi wa washauri. Hakuna leseni wala daftari la taifa lenye majina yao. Kwa hiyo yule ndugu mwenye cheti hajasajiliwa popote. Kile ni cheti cha kuhudhuria, kinasema alikaa ukumbini siku hiyo. Mashirika makini yana viwango vyao vya ubora na hukaguliwa, lakini hayo ni makubaliano yao wenyewe, sheria haiwalazimishi.

Kwa kuwa hakuna leseni, unabaki na swali moja la kumpima mkufunzi: ametokea wapi?

Kazi hii hujifunzwa kama ushonaji. Fundi cherehani hakusoma chuo. Alikaa kwa fundi mkubwa, akaanza na kufagia vipande na kupiga pasi, akapewa pindo, mwisho akapewa mkasi. Wakufunzi wengi wa mafao ninaowajua walianza kwa kupokea simu na kujaza fomu chini ya macho ya mtu mzoefu. Waliponzwa na barua, wakashindwa barazani, wakashinda, na baada ya miaka wakaombwa wawafundishe wenzao. Kila mmoja alikaa kwa fundi wake, na fundi huyo bado unamwona ndani ya mafunzo yake.

Mlango mkubwa kuliko yote ni Citizens Advice, shirika la hisani linalowashauri wananchi bure. Ofisi zake za kwanza zilifunguliwa Septemba 1939, vita vikuu vya pili vilipoanza, kwa ajili ya raia waliopotelewa na ndugu, waliobomolewa nyumba, waliokosa kadi za chakula. Tangu mwanzo nguvu yake imekuwa watu wa kujitolea: walimu wastaafu, wanafunzi, akina mama waliotaka kurudi kazini. Mkufunzi aliyelelewa huko ana sifa ya kuuliza kwa upana. Ukienda kwake na tatizo la kodi ya nyumba, atakuuliza pia habari ya deni la umeme na ya mtoto mwenye ulemavu. Udhaifu wa malezi hayo ni kwamba mtu anaweza kujua kidogo kuhusu kila kitu bila kuzama popote.

Halafu kuna waliotoka kwenye harakati. Child Poverty Action Group, ambayo wengi huiita CPAG, ilianzishwa mwaka 1965 na watu waliokerwa na umaskini wa watoto katika nchi iliyokuwa ikijisifu kuwa imeumaliza. Katibu wake wa kwanza wa kudumu, Tony Lynes, alisomea uhasibu kabla ya kuingia kwenye mambo ya ustawi. Hilo linanifurahisha, kwa sababu hesabu za kanuni zile zilihitaji mhasibu hasa. Kitabu cha mwongozo cha CPAG hutoka upya kila mwaka, kina zaidi ya kurasa elfu moja, na hukikosi kwenye meza ya mshauri wa kweli. Kurasa zimekunjwa pembe, karatasi za rangi zimechomoza kila upande. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Birmingham, wapokea posho wenyewe waliunda vyama vyao wakaanza kusindikizana ofisini. Hadi leo wapo wakufunzi ambao sifa yao ya kwanza ni kwamba waliishi kwa posho hizi. Wanajua ilivyo kungoja wiki tano kabla ya malipo ya kwanza ya Universal Credit huku friji ni tupu.

Wengine walitoka kwenye vituo vya sheria vya mtaani. Cha kwanza kilifunguliwa North Kensington, London, mwaka 1970, ndani ya lililokuwa duka la nyama. Huko mawakili na wasio mawakili walifanya kazi meza moja, kwa bei ambayo maskini aliiweza, yaani bure. Kwa miaka mingi serikali iligharamia ushauri wa kisheria kuhusu benefiti. Kuanzia Aprili 2013 sehemu kubwa ya fedha hizo ilikatwa, vituo vikafungwa au vikapungua. Baadhi ya waliokuwa wakisimama barazani kila wiki wakabaki na ujuzi wa miaka ishirini bila dawati, na kati yao wapo walioingia kwenye ukufunzi. Kwa hiyo anayedai kwamba asiye wakili hana la kufundisha hajui historia. Kanuni za baraza zinaruhusu mwakilishi asiye na sifa ya uwakili. Baadhi ya wawakilishi hodari niliowaona hawana shahada ya sheria.

Kuna pia waliotoka halmashauri. Tangu miaka ya 1970 halmashauri nyingi zimekuwa na maofisa wa haki za mafao, na hawa ndio hutuhumiwa kuwa "watu wa serikali". Ni kweli mshahara wao unatoka halmashauri, lakini PIP na Universal Credit zinatolewa na Wizara ya Kazi na Pensheni, na kazi ya maofisa hawa ni kupingana na maamuzi ya wizara hiyo. Halmashauri inanufaika wakazi wake wakipata stahili zao, maana mwenye kulipwa hulipa kodi ya nyumba. Wanaotokea kwenye wizara yenyewe, waliowahi kukaa upande wa pili wa meza, ndio wanaoogopwa zaidi. Nawaelewa wanaoogopa. Lakini katika mafunzo hakuna anayehitaji kutaja jina la mtu, na ujuzi wa mtu huyo haupatikani kwingine. Nitaonyesha hapo chini.

Wa mwisho ni wa afya: wauguzi, wafanyakazi wa jamii, watu wa hospitali za saratani na za akili. Hawa nilikuwa nikiwadharau. Nilidhani sheria ni ya wanasheria. Jumamosi moja ilinibadilisha.

Tulikuwa kama kumi na tano kwenye ukumbi mdogo, na mkufunzi alikuwa amefanya uuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye ushauri. Alituambia tuchague mtu tunayemjua, tukae kitini pake, tujibu kama yeye. Nikamchagua shangazi yangu, wa miaka hamsini na kitu, mwenye baridi yabisi mikononi na kizunguzungu kinachokuja bila hodi. Mkufunzi akaniuliza swali la fomu ya PIP lilivyo: unaweza kupika chakula?

Nikajibu kama shangazi angejibu. "Ndiyo, napika. Alhamdulillahi."

Jibu hilo lina adabu yote tuliyolelewa nayo. Ukiulizwa hujambo, husemi una jambo, hata kama unalo. Ukiulizwa habari za leo, ni nzuri, halafu ndipo yafuate mengine, kama yatafuata. Na mwanamke wa kwetu akikubali kwamba hapiki amekubali jambo zito mbele ya watu. Muuguzi yule hakuijua lugha yetu, lakini alikuwa ameona wagonjwa wengi wanaojifanya wazima. Hakubishana na jibu langu. Aliuliza: sufuria ya wali ikichemka, nani anaiepua? Binti. Vitunguu nani anakata? Binti akiwa shule, vinanunuliwa vilivyokatwa. Anasimama mbele ya jiko? Anakaa kwenye kiti cha plastiki. Mara ya mwisho kuungua ni lini? Nikakumbuka kovu kwenye mkono wa kushoto. Akipika leo, kesho anaweza tena? Hapana, kesho analala.

Mwezi uliofuata, mkufunzi mwingine, aliyekuwa amewawakilisha watu barazani kwa miaka, aliichukua sufuria ileile. Yeye hakuuliza habari za mgonjwa, aliuliza kanuni. Sheria ya PIP ya mwaka 2013 haikuishia kwenye "unaweza". Inataka uweze kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na ndani ya muda usiozidi mara mbili ya ule ambao mtu asiye na tatizo lako angeutumia. Ukikosa moja, kisheria huwezi. Na haitazamwi siku yako nzuri, inatazamwa hali uliyo nayo katika zaidi ya nusu ya siku zote. Halafu alama: anayehitaji kifaa ili apike hupata 2, anayehitaji kusimamiwa au kusaidiwa hupata 4, asiyeweza kabisa hupata 8. Shughuli za kila siku ziko 10, na ukifikisha alama 8 kwa jumla unapata posho ya kiwango cha kawaida, 12 kiwango cha juu. Yaani sufuria ya wali peke yake inaweza kuwa nusu ya safari.

Wa tatu alikuwa amefanya kazi ndani ya mfumo wa benefiti. Alituambia jambo lililonikaa kichwani: anayeamua hamwoni mwombaji. Mahojiano hufanywa na mtaalamu wa afya wa kampuni yenye mkataba na wizara, ripoti huandikwa, kisha ofisa wa wizara husoma ripoti na fomu mezani pake na kuamua. Kovu la shangazi haliingii kwenye maamuzi mpaka liwe limeandikwa. Ukiandika "ndiyo, napika" kwenye fomu, halafu barazani ukasema huwezi kuepua sufuria, kazi yako ya kwanza itakuwa kueleza kwa nini maneno yamebadilika.

Walitazama sufuria moja kwa macho matatu, na hakuna aliyekosea. Muuguzi alijua kuuliza, mwakilishi alijua jibu lina uzito gani kisheria, aliyetoka ndani ya mfumo alijua litasomwaje. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotafuta asili moja iliyo bora. Ninachokiangalia sasa ni kama mkufunzi anajua alichokosa kwenye malezi yake na amekwenda kukitafuta kwa wengine. Na zaidi ya hapo, kama bado anakaa na wateja. Aliyeacha kushika fomu miaka sita iliyopita anafundisha nchi ambayo haipo tena. Tax credits, posho za zamani za wenye kipato kidogo, kwa mfano, ziliisha kabisa Aprili 2025. Ukimkuta mkufunzi anazifundisha kama posho unayoweza kuomba leo, chukua begi lako.

Muulize pia anafundisha sehemu gani ya ufalme huu. Watu husema "Uingereza" kana kwamba kanuni ni moja kutoka Dover hadi Shetland. Scotland ina wakala wake wa posho, na kuanzia 2022 PIP huko ilibadilishwa kuwa Adult Disability Payment. Vigezo vinafanana kwa sehemu kubwa, lakini utaratibu wa kuomba na wa kupinga ni tofauti. Ndugu wa Glasgow, Scotland, anayefuata maelezo ya rafiki wa Leicester, England, anaweza kupoteza miezi.

Kuna sehemu nyingine ambapo jamii yetu huumia zaidi, nayo ni visa. Wengi wetu tuna vibali vyenye sharti la kutogusa fedha za umma. Mkufunzi mzuri wa mafao atakufundisha kwamba maneno hayo yana orodha yake kisheria. Universal Credit, PIP na Child Benefit, yaani posho ya watoto, zimo. Matibabu ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma, na shule ya mtoto hazimo. Pensheni ya serikali inayotokana na michango yako haimo pia. Nimewaona watu waliomzuia mama mjamzito asiende kliniki kwa hofu ya visa, na nimewaona wengine waliodai Child Benefit kwa sababu "kila mtu anapata" wakaingia matatani. Lakini mara swali linapogeuka kuwa "niombe kibali gani" au "nikidai hii, visa yangu itafanywaje", mkufunzi wa mafao lazima asimame hapo na kukuelekeza kwa mshauri wa uhamiaji aliyeidhinishwa. Asiposimama, anavunja sheria, na anaweza kukuvunjia maisha.

Kwa viongozi wa jumuiya wanaoalika wakufunzi: msiulize tu ana cheti gani. Mwulizeni mara ya mwisho kwenda barazani ilikuwa lini, na ilikwendaje. Mwenye uzoefu atakujibu kwa urefu na atakutajia alizoshindwa. Kwa miaka mingi sasa, zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazosikilizwa huishia kwa mwombaji kushinda, kwa hiyo anayesema "rufaa ni kupoteza muda" hajawahi kukaa pale. Mwulizeni nani anamkagua yeye. Na kama wanafunzi wenu ni Waswahili, mwambieni mapema habari ya "sijambo". Hakuna mkufunzi wa hapa atakayeijua asipoambiwa, na aliye mwema atalipangia zoezi.

Shangazi alikwenda kujaza fomu yake upya majira ya baridi, nami nikiwa mkalimani. Mshauri alikuwa kijana aliyepita mikononi mwa yule muuguzi, nilimtambua kwa maswali yake. Alipofika kwenye kupika, hakuuliza kama anaweza. Aliuliza nani anaepua sufuria. Shangazi alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa, kisha akakunja mkono wa gauni. Kwenye kisanduku ambacho mwanzo kilikuwa na neno "Ndiyo" peke yake, kijana aliandika mistari tisa, akaomba karatasi ya ziada.